Kuandika tablatura ya gitaa: TuxGuitar, Guitar Pro, MuseScore au programu ya studio?

Shika gitaa utafute noti ya C ya katikati. Wengi mtakwenda uzi wa pili, freti ya 1 (freti ni vile vichuma vinavyokatiza shingo ya gitaa). Lakini C hiyohiyo iko uzi wa tatu freti ya 5, iko uzi wa nne freti ya 10, iko uzi wa tano freti ya 15, na gitaa la umeme lenye freti za kutosha litakupa nyingine uzi wa sita freti ya 20. Sauti moja, mahali patano, na kila mahali mkono unakaa kivyake. Mwalimu wa kwaya akikuandikia nota ya mistari mitano hakwambii uishike wapi. Tablatura inakwambia. Mistari sita kwa nyuzi sita, tarakimu juu ya mstari kwa freti, basi.

Nimeanzia hapo kwa makusudi. Vijana wanaokuja kujifunza kwangu huniuliza, "Kaka, nitumie programu gani kuandika?", na jibu limejificha kwenye hiyo C. Kuna programu zinazojua uzi, na kuna programu zinazojua sauti tu. Za kwanza zimetengenezwa kwa ajili ya kuandika tablatura. Za pili ni zile za studio, za kurekodi na kuchanganya sauti, ambazo wengi mnazo tayari kwenye laptopu na mngependa zifanye kila kitu. Zinaweza kiasi. Nitaeleza kiasi gani.

(Kabla hatujaenda mbali: neno tablatura ukilifupisha unapata tabu, kundi la noti zinazopigwa pamoja tunaliita kodi, na kipimo cha mapigo tunakiita baa. Asiye mpigaji akisoma ataona ni habari ya mpangaji aliyekosa kodi akaenda baa akapata tabu. Nitavumilia kodi na baa, lakini tablatura nitaliandika kwa urefu wake.)

Ili nisiseme kwa kukisia, nilichukua kipande kimoja nikakipitisha kote. Ni baa nne za upigaji wa vidole viwili, dole gumba likitembea besi na kidole cha shahada kikichezea juu, ule mtindo wa Katanga, kusini mwa Kongo, ambao Mwenda Jean Bosco aliupiga na kuuimbia kwa Kiswahili, hadi Hugh Tracey, mkusanyaji wa rekodi za muziki wa Afrika, akamrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji unaoitwa Likasi siku hizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 David Rycroft, mtafiti wa muziki, alichapisha katika jarida la African Music nota za upigaji wa Mwenda, akisikiliza rekodi na kuandika. Ukijaribu kufanya alichofanya, utaelewa kwa nini kipande cha namna hii ni kipimo kizuri cha programu: besi na sauti ya juu zinakwenda pamoja lakini kila moja ina urefu wake, na mapigo yenyewe yanakubali kuhesabiwa kwa namna zaidi ya moja.

Kwanza, maandishi matupu

Njia ya bure kuliko zote haihitaji programu. Hii hapa kodi ya C, noti moja moja:

```
e|-------0-------0-|
B|-----1-------1---|
G|---0-------0-----|
D|-----------------|
A|-3-------3-------|
E|-----------------|
```

Inasomeka, inatumwa kwa ujumbe, haili bando. Kasoro yake ni kwamba haisemi noti inakaa muda gani. Kama msomaji hajausikia wimbo, amekwama. Na ukiibandika WhatsApp kama ilivyo, mistari inapinda kwa sababu herufi za kawaida hazina upana sawa. Weka alama tatu za ``` mwanzoni na tatu mwishoni, itakaa sawa. Kwa kumkumbusha mpigaji mwenzako kipande anachokijua tayari, sioni sababu ya kufungua kitu kingine. Kwa kipande changu cha vidole viwili ilishindwa baa ya kwanza tu, maana besi iliyotakiwa kuendelea kulia ilionekana kama imekatika.

TuxGuitar na Guitar Pro

Hizi mbili nazilinganisha pamoja kwa kuwa zinafanana mno, na kwa kuwa uchaguzi wa wengi utaishia hapa.

Guitar Pro inatengenezwa na Arobas Music, kampuni ya Ufaransa, tangu mwaka 1997. Toleo la 8 lilitoka mwaka 2022. Unalipa mara moja, bei imekuwa ikizunguka dola 70, na inakwenda kwenye Windows na Mac. TuxGuitar ni ya bure kabisa, msimbo wake uko wazi, inakwenda Linux, Windows na Mac, na lina toleo la Android pia. Inafungua mafaili ya Guitar Pro, ya zamani kwa mapya, na inaweza kuhifadhi kwa baadhi ya miundo ile ya zamani, kama gp5, ili mwenye Guitar Pro ayafungue.

Kuandika ndani yake ni kulekule. Mshale wa juu na chini unachagua uzi, unaandika tarakimu ya freti, kitufe cha + au − kinabadili urefu wa noti, mshale wa kulia unakupeleka mbele. Ukishazoea moja, vidole vinaijua nyingine. Hapa ndipo unapoona faida ya programu inayojua uzi: hukuiambia "C", umeiambia "uzi wa tatu, freti ya 5", na sauti imejihesabia yenyewe. Ukibadili namna ya kutuni nyuzi, ukashusha uzi wa sita hadi D, inafuata. Ukifunga kepo (kile kibanio cha nyuzi) freti ya 3, inafuata.

Tofauti inaanza kwenye mambo matatu.

La kwanza ni sauti. TuxGuitar ikikupigia ulichoandika, italia kama kinanda cha bei rahisi kinachoiga gitaa. Unaweza kuitafutia mkusanyiko wa sauti mzuri zaidi ukaubadilisha, na inapendeza kidogo, lakini ni kazi. Guitar Pro inakuja na sauti zilizorekodiwa kutoka ala halisi, na vikuza sauti na madoido juu yake. Uzi ukivutwa unasikia umevutwa. Je, hilo lina maana? Kwa anayeandika ili akumbuke, halina. Kwa anayetaka kuwapelekea bendi kipande ambacho hawajawahi kukisikia, lina maana kubwa, maana wapigaji wetu wengi hujifunza kwa sikio kwanza na macho baadaye. Ukiwachezea kitu kinacholia kama simu ya mwaka 2003, watakuona hujui unachotaka.

La pili ni tabaka za sauti ndani ya mstari mmoja. TuxGuitar inakupa mbili, Guitar Pro nne. Kipande changu kilihitaji mbili hasa, besi ya dole gumba na ile ya juu, kwa hiyo TuxGuitar ilitosha kabisa. Sijawahi kuhitaji ya tatu kwenye muziki wa dansi. Kwa gitaa la kiklasiki nimeihitaji mara chache.

La tatu ndilo lililonifanya nitoe pesa. Toleo la 8 la Guitar Pro linakuruhusu kuingiza faili la sauti, wimbo wenyewe, na kuulinganisha na baa unazoandika. Anayekopi nyimbo za dansi za zamani anajua kwamba bendi zile hazikupiga kwa mashine ya mapigo. Zinaanza taratibu, zikifika sebene zimeshakimbia. Programu isiyo na uwezo huo inakulazimisha ubadilishe kati ya mbili, usikilize hapa, uandike kule, na baada ya nusu saa hujui uko baa ya ngapi. Kwa kuweka wimbo chini ya tablatura na kubana au kuachia mapigo baa kwa baa, niliandika magitaa matatu ya wimbo mmoja, solo, solo ya pili na rizimu, jioni mbili. Zamani ingenichukua wiki.

Zote mbili zinaweza kurudia kipande kwa mwendo mdogo na kuuongeza kidogo kidogo kila mzunguko. Kwa mwanafunzi hicho ndicho kitu cha thamani kuliko vyote nilivyotaja, na TuxGuitar anakipata bila kulipa senti.

Basi kati ya mbili hizi: kama laptopu yako imezeeka, au unatumia Linux, au huna kadi ya kulipia mtandaoni, usijisikie mnyonge kuchukua TuxGuitar. Guitar Pro ilipe siku kuandika kutakapokuwa kazi yako, si kabla. Na nakala za wizi zinazozunguka kwenye flashi, mbali na kwamba ni wizi, mara nyingi huja na virusi ambavyo vitakula na nyimbo zako.

MuseScore, hasa kama kuna mtu wa nota karibu

Watunzi wa kwaya wengi wanaijua MuseScore, na ni kwa ajili yao ninaipenda. Ni ya bure, msimbo wazi, na toleo la 4 lililotoka Desemba 2022 liliibadilisha sura. Jambo lake kubwa kwa mpigaji gitaa ni mistari iliyounganishwa: juu nota ya mistari mitano, chini tablatura, ukiandika upande mmoja mwingine unajijaza. Guitar Pro na TuxGuitar nazo zinaonyesha vyote viwili. Lakini MuseScore imezaliwa kwenye nota, ikajifunza tablatura ukubwani, na karatasi inayotoka kwake ikichapishwa ni safi, ya kuweka mbele ya mwalimu yeyote. Ukiwa na gitaa moja, sauti nne za kwaya, maneno ya beti tatu na kinanda, hapa ndipo mahali pake. Usihangaike kwingine.

Kuandika moja kwa moja kwenye mstari wa tablatura kunawezekana: bonyeza N, chagua uzi kwa mishale, andika freti. Kwa mkono wangu ni polepole kidogo kuliko Guitar Pro. Kuvuta nyuzi, jambo lililokuwa linaandikika kwa shida, lilifanyiwa kazi kubwa kwenye toleo la 4.2 mwishoni mwa 2023, na siku hizi sina lalamiko. Ina tabaka nne za sauti, na baa zangu nne zilikaa vizuri kuliko mahali pengine popote kwa macho: mikia ya besi inatazama chini, ya juu inatazama juu, hata asiyejua tablatura anaona kuna vidole viwili vinafanya kazi mbili.

Mambo mawili ya kuangalia. Programu ni ya bure, lakini tovuti ya jina hilohilo inayohifadhi nota za watu hutoza ada kwa kupakua nyingi kati yake. Watu wanachanganya, wanadhani programu yenyewe inalipiwa, wanaondoka. Pili, sauti zake nzuri, Muse Sounds, hupakuliwa kando na ni nzito, gigabaiti kadhaa ukichukua ala nyingi. Kwa bando la siku usijaribu. Sauti za msingi zinazokuja nayo zinatosha kukagua ulichoandika.

Inafungua mafaili ya Guitar Pro lakini haihifadhi kwa muundo huo. Ukitaka kurudisha kwa mwenye Guitar Pro, pitia MusicXML, muundo wa faili wa kubadilishana nota kati ya programu.

Programu za studio

Niliwahi kujiona mjanja. Nilikuwa nimerekodi gitaa la rizimu kwa kinanda cha midi ndani ya programu moja ya studio, jina naliweka kando, yenye uwezo wa kuonyesha tablatura. Nikabonyeza, mistari sita ikatokea, tarakimu zimejaa, nikachapisha nikaenda nayo mazoezini. Mpigaji wetu wa rizimu, mzee aliyeanza gitaa kabla sijazaliwa, aliitazama karatasi akatazama mkono wake. Kodi ya kwanza ilitaka kidole freti ya 2 na kingine freti ya 9 kwa wakati mmoja. "Mwanangu," akasema, "huyu aliyeandika ana vidole vya popo?"

Programu haikukosea kitu. Midi, mfumo uliopo tangu mwaka 1983, hubeba namba ya sauti: C ya katikati ni 60. Inasema imebonyezwa lini, kwa nguvu gani, imeachiwa lini. Uzi haumo. Kwa hiyo programu ya studio ikigeuza midi kuwa tablatura, inabahatisha kati ya pale mahali patano, noti baada ya noti, bila mkono wowote kichwani mwake. Kwa solo ya noti moja moja inaweza kubahatisha vizuri. Kwa kodi, utaumia.

Logic Pro ya Mac, karibu dola 200, ndiyo ninayoijua inayokupa njia ya kutoka: ina mtindo wa mstari wa tablatura, na unaweza kuiagiza iamue uzi kwa kufuata chaneli ya midi badala ya sauti. Ukiwa na gitaa la midi linalotuma kila uzi kwa chaneli yake, tablatura inatoka kama ulivyopiga. Ni raha, lakini hesabu gharama: Mac, programu, na kifaa cha gitaa. Kwa kinanda utalazimika kupanga chaneli noti moja moja, na kwa muda huo ungekuwa umeshamaliza kuandika kwenye TuxGuitar na kunywa chai.

REAPER, ambayo napendekeza kwa yeyote anayeanza kurekodi (siku 60 za kujaribu, kisha leseni ya dola 60 kwa mtu binafsi, na faili lake la kusakinisha ni dogo), ina kihariri cha nota, lakini mstari wa tablatura haukuja nao. Inafaa kwa jambo lingine: kupunguza mwendo wa wimbo bila kushusha kimo cha sauti, na kurudia sekunde tatu za solo hadi zikuingie. Mimi huisikiliza hapo nikiandika kwingine.

Kwa hiyo safari nzuri inaelekea upande mmoja. Andika tablatura kwenye programu inayojua uzi, kisha toa midi upeleke studio iwe msingi wa kurekodi. Ukienda kinyume, unapoteza uzi njiani na hutaupata. Ikibidi kurudi, basi MusicXML, ambao tofauti na midi unaweza kubeba uzi na freti ya kila noti.

Soundslice, kwa walio na intaneti ya uhakika

Soundslice haisakinishwi, inafanya kazi ndani ya kivinjari. Ilianzishwa mwaka 2012, na mwanzilishi wake Adrian Holovaty ni mpigaji gitaa yeye mwenyewe. Inachofanya ni kufunga tablatura na rekodi halisi, hata video ya YouTube, mshale ukitembea juu ya noti zinapolia. Mwanafunzi anabonyeza baa yoyote na kuisikia kutoka kwenye wimbo wenyewe. Kama unafundisha kwa mbali, mwanafunzi yuko Muscat au Minnesota na wewe uko Mwanza, haina mpinzani: unamtumia kiungo, anafungua kwenye simu, hakuna kusakinisha kitu. Ina daraja la bure na la kulipia kila mwezi.

Kuna kisa chake cha mwaka 2025 ambacho bado kinanichekesha. ChatGPT ilikuwa inawaambia watu kwamba Soundslice inapokea tablatura za maandishi matupu, zile za alama za mstari na tarakimu, na kuzigeuza zilie. Haikuwa kweli. Watu wakamiminika na picha za mazungumzo yao, mpaka wenyewe wakaamua kuitengeneza kweli.

Umeme ukikatika au mtandao ukilegea, huna kitu. Kwa anayetegemea bando la wiki, iwe ya kuonyesha kazi, isiwe ya kuhifadhia.

Basi wewe uchukue ipi

Mwanafunzi mwenye laptopu ya kurithi: TuxGuitar, leo hii, na usinunue chochote mwaka huu. Mwalimu, au mtu wa kwaya aliyeletewa gitaa: MuseScore. Anayekopi nyimbo kwa ajili ya bendi na kulipwa kwa hilo: Guitar Pro, kwa sababu ya ile nafasi ya kuweka wimbo chini ya baa. Mwenye studio asiye mpigaji gitaa: baki na programu yako, mpe mpigaji midi na kodi zilizoandikwa kwa herufi, mwache achague mahali pa kushika, anajua kuliko mashine. Mwalimu wa mbali: andika kwenye mojawapo ya hizo, pandisha Soundslice.

Mimi zile baa nne za Katanga ninazo kwenye mafaili matatu: la Guitar Pro ninalofanyia kazi, PDF ya mzee wetu wa rizimu, na MusicXML ambalo silifungui kamwe. Hilo la tatu nililianza Agosti 2024, wiki ambayo MakeMusic ilitangaza kwamba haitaendeleza tena Finale, programu yake ya kuandika nota, na rafiki yangu mtunzi wa kwaya akatumia likizo nzima kufungua nyimbo zake moja moja na kuzitoa kwa muundo mwingine. Alikuwa na zaidi ya mia mbili.